Siku ya Ngokela na Siku ya Mkutano

Kijiji cha Likwelela kiko mlimani, kusini mwa mji wa Songea. Ukitoka mjini alfajiri kwa miguu, unafika jua likiwa limeanza kushuka. Gari hupanda wakati wa kiangazi tu. Masika barabara ni ya mbuzi na watu wenye haraka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la watu wazima kijijini hapo. Hadithi hii naijua kwa sababu niliiona, na kwa sababu nami nimo ndani yake. Ningefurahi zaidi kama nisingekuwamo.

Romwaldi na mkewe Benigna walikuwa wakulima. Walilima maharage, mahindi na ulezi kidogo. Kila siku Benigna aliamka mapema, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji kwenye chemchemi ya Namihu. Hakutumia hata robo saa. Alirudi akakoka moto, akapika uji, akawaamsha watoto waende shule. Romwaldi alikuwa ameshatoka na jembe lake. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Chemchemi ya Namihu ilitoka chini ya msitu mdogo. Palikuwa na mivule mitano mikubwa na mikuyu mingi. Maji yalikuwa baridi mwaka mzima. Hata mwezi wa kumi, majani ya mlima mzima yakiwa yamekauka, Namihu ilitiririka.

Karibu kabisa na chemchemi aliishi Walburga, mama mzazi wa Romwaldi. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi. Alikuwa na nyumba yake na dimba lake, yaani bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi. Humo alipanda mboga, maboga na magimbi. Mengine aliyatuma mjini kwa binti yake Noela, aliyeolewa Ruhuwiko.

Mara nyingi Romwaldi alimwambia, "Mama, njoo ukae kwetu. Umri umekwenda."

"Kwenu nitakuwa mgeni," Walburga alijibu. "Hapa nina maji, nina mboga, nina mlango wangu mwenyewe. Niacheni hapa hapa."

Basi wakamwacha. Yule bibi alitaka kitu kimoja tu duniani: kuzeeka pale penye maji yake.

Sasa niwaeleze jambo moja la kwetu. Mashamba yetu yako kwenye mteremko. Wanaume wanafyeka majani, wanayapanga chini kwa mistari inayokatana, mpaka shamba linakuwa na miraba mingi. Kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Yanabaki mashimo. Mvua ikinyesha, maji yanalala kwenye mashimo, hayateremki na udongo. Mashimo hayo tunayaita ngoro.

Kazi hiyo ni nzito. Mtu na mkewe hawaimudu peke yao. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe na kuwaita majirani. Wanalima kutwa, wanakunywa, wanaimba. Siku hiyo ndiyo ngokela. Ukiitwa usiende, na wewe ukiita hutamwona mtu.

Mwezi wa tatu mwaka 1993 ilikuwa zamu ya Romwaldi. Benigna alikuwa ameshaotesha ulezi, ameshausaga, ameshapika. Mitungi ilikuwa imejaa nyuma ya nyumba. Jumatano balozi wa nyumba kumi akapiga hodi.

"Karibu, balozi," alisema Romwaldi. "Kiti hicho."

"Sikai. Nyumba bado nyingi. Jumamosi saa nne asubuhi kuna mkutano mkuu wa kijiji. Watu wazima wote, wanaume kwa wanawake."

"Kuna nini?"

"Mwenyekiti atasema. Nasikia ni habari ya mabati ya shule."

Balozi akaenda zake. Romwaldi akamgeukia mkewe. "Mama Beata, pombe inaiva lini?"

"Jumamosi. Ikilala mpaka Jumapili inachacha. Tutawamwagia nguruwe."

"Ndiyo kusema siku zimegongana."

"Si uende kwa mwenyekiti ukamwombe asogeze mkutano? Nyumba yake ile pale, inaonekana."

"Nitakwenda kesho," alisema Romwaldi. "Na hata nisipokwenda, kuna ubaya gani? Mabati ya shule nani atayakataa? Wachache watakaa, watakubali. Sisi tutalima."

Kesho yake hakwenda. Ijumaa alikuwa na kazi ya kunoa majembe. Mwenyekiti, Mzee Selestine, hakujua habari ya ngokela mpaka Jumamosi asubuhi, aliposikia nyimbo kutoka ng'ambo ya bonde.

Siku hiyo mimi nilifika ofisi ya kijiji saa nne kamili, daftari kwapani. Nilikuta watu tisa. Nilikaa robo saa. Upepo ulikuwa unaleta nyimbo, na ninyi mnajua jinsi nyimbo za watu wanaolima pamoja zinavyomvuta mtu. Nikajiambia, mkutano wa watu tisa haufunguliwi. Nikainuka. Mzee Selestine alinitazama. Nikajifanya naelekea chooni. Nilipita choo, nikavuka bonde, nikafika kwa Romwaldi. Walinipokea kwa vigelegele. Tulikuwa zaidi ya arobaini shambani.

Watu waliofika mkutanoni walikuwa ishirini na watatu. Mmoja wao alikuwa Walburga.

Mzee Selestine hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Paa la shule lilikuwa la nyasi na lilikuwa limeoza. Madarasa mawili yalikuwa yamefungwa, watoto walisomea nje. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Zamani tuliuza kila kitu kwa chama cha ushirika na kungoja. Sasa watu binafsi walipanda mlima na malori yao, huyu anataka mahindi, huyu anataka maharage. Mmoja alitaka mbao. Alisema atatoa mabati ya kutosha madarasa mawili, naye apewe mivule. Alitaka jibu wiki ile ile, kwa sababu vijiji vingine vilikuwa na miti pia.

"Mivule gani?" aliuliza Walburga mkutanoni.

"Ya Namihu, Mama," alisema mwenyekiti.

"Ile ndiyo imeshika maji."

"Mama, maji yanatoka chini ya ardhi. Hayatoki kwenye mti." Watu wakacheka kidogo.

Walburga hakucheka. "Mmekaa watu ishirini na kitu. Kijiji kizima kiko ng'ambo pale, mnakisikia. Nipeni nafasi nikawaite."

Mzee Selestine alifikiri. "Haya, Mama. Nenda. Tutakungoja."

Bibi yule akashuka bonde na kupanda upande wa pili, na fimbo yake. Alitufikia saa saba. Mtungi wa kwanza ulikuwa ndiyo kwanza umefika shambani. Romwaldi alikuwa ameshika kata ya pombe.

"Shikamoo, Mama," alisema Romwaldi. "Karibu. Kaa upumzike."

"Sikuja kukaa. Wanataka kukata miti ya Namihu. Mwenyekiti ananingoja. Simama, waite watu wako, twende wote sasa hivi."

"Mama, watu wamechoka. Imebaki mistari minne. Wakiondoka hawarudi, na majani yatakauka kabla ya kufunikwa."

"Majani yatakauka?"

"Miti ile ni ya kijiji. Nani ataikata hivi hivi? Kaa, unywe kidogo. Jioni nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti."

Walburga alitutazama sote. Wengine waliinamisha vichwa, wengine walijitia kunywa. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mama, mimi mgeni hapa," nikasema. "Namfuata mwenyeji."

Nilikuwa nimekaa Likwelela miaka sita. Hakuna neno nililowahi kusema ambalo linanichoma kuliko hilo.

Bibi aligeuka akarudi peke yake. Hakuomba tena. Alipofika ofisini, alikuta mikono imeshahesabiwa. Mvua ilikuwa imetanda na watu walitaka kuondoka. Kumi na saba walikubali, watatu walikataa, wawili hawakunyoosha mkono. Walburga akasema, "Niandikeni mimi wa nne wa kukataa." Wakamwandika.

Wapasua mbao walikuja mwezi wa sita na misumeno yao mirefu. Waliikata mivule yote mitano. Kila mvule ulipoanguka ulivunja mikuyu. Mikuyu iliyobaki waliikata kujengea majukwaa ya kupasulia na kupikia ugali wao. Walipoondoka palikuwa peupe. Jua liliingia mpaka kwenye jicho la chemchemi. Haukupita muda watu wakaanza kulima pale, maana udongo ulikuwa mweusi na mzuri.

Mabati yalikuja. Sisemi uongo, yalikuja yote, na madarasa mawili yaliezekwa. Wazazi walifurahi. Romwaldi alimwambia mama yake, "Unaona, Mama? Na maji bado yanatoka."

Mwaka ule maji yalitoka. Mwaka uliofuata yalipungua mwezi wa nane. Mwezi wa tisa yakawa tope. Mwezi wa kumi Namihu ikakauka, jambo ambalo hakuna mtu mzima kijijini aliyewahi kuliona.

Benigna na wanawake wengine walianza kwenda mtoni, chini kabisa bondeni. Kushuka ni nusu saa, kupanda na ndoo kichwani ni saa nzima. Uji wa asubuhi ulichelewa, watoto wakachelewa shule. Beata, binti yao mkubwa, alisinzia darasani. Dimba la Walburga lilikauka. Magimbi yalinyauka na maboga hayakutoa hata ua.

"Mama, nitakuletea maji mimi," alisema Benigna.

"Wewe una watoto. Acha nijaribu."

Alijaribu. Siku ya tisa aliteleza kwenye mteremko na ndoo yake. Nyonga iliumia. Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Alilala hospitali wiki tano. Alipotoka hakuweza tena kupanda mlima, na hata kama angeweza, pale kwake hapakuwa na maji. Noela alimchukua Ruhuwiko.

Romwaldi alifunga mlango wa nyumba ya mama yake kwa kamba. Aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo alielewa. Alikaa kizingitini akalia kama mtoto, mwanamume yule wa miaka arobaini na tano. Niliposikia, na mimi nililia, ila mimi sikumwambia mtu.

Romwaldi alipokwenda kumtazama mama yake mjini, Walburga aliuliza swali lile lile kila mara. "Namihu vipi?"

"Bado, Mama."

"Basi."

Romwaldi alitaka kutengeneza alichoharibu. Alikwenda mjini akaleta miche sitini ya mikaratusi, akaipanda kuzunguka chemchemi. Alifurahi. Mikaratusi inakua haraka, mwaka mmoja imekupita kimo.

Mwanzoni mwa mwaka 1995 alikuja bwana misitu mpya wa tarafa yetu. Aliitwa Bashiru, mtu wa Tunduru, Mwislamu mpole mwenye maneno ya kuchekesha. Alipanda mlima akisukuma baiskeli. Romwaldi alimpeleka Namihu kumwonyesha miti yake.

Bashiru aliitazama, akashika kichwa. "Mzee Romwaldi, nani kakushauri upande mikaratusi hapa?"

"Hakuna. Niliona inakua upesi."

"Inakua upesi kwa sababu inakunywa sana. Hii inakunywa kuliko watu wa ngokela zenu. Penye maji hatupandi mikaratusi. Ing'oe, ukaipande kule juu kwenye mawe, utapata nguzo na kuni. Hapa turudishe mikuyu na mizambarau ya porini, miti iliyozoea maji."

"Na maji yatarudi?"

"Inshallah yatarudi, lakini si kesho. Sikiliza nikueleze. Mvua ikinyesha penye msitu, inashukia kwenye majani kwanza. Inatua polepole, inaingia ardhini. Huko inakaa, inatoka kidogo kidogo mwaka mzima. Penye peupe, mvua inaupiga udongo na kukimbilia mtoni. Masika maji mengi, kiangazi hakuna. Ninyi si mnachimba ngoro ili maji yalale shambani?"

"Ndiyo."

"Msitu huu ulikuwa ngoro ya mlima mzima."

Romwaldi akasema kwa hasira, "Yule mfanyabiashara ametuua. Na mwenyekiti. Waliuza miti yetu bila sisi."

"Bila ninyi?" Bashiru aliuliza. "Leseni ya kukata miti hutolewa kwa kuangalia muhtasari wa mkutano mkuu. Mmeuona muhtasari?"

"Hatujauona."

"Twende tukauombe. Mwalimu, njoo na wewe."

"Tutauombaje?" nikauliza. "Mambo ya serikali yale."

"Serikali ya nani? Ni ya kijiji, na kijiji ni ninyi. Muhtasari wa mkutano mkuu si siri. Mkazi yeyote anaweza kuomba asomewe."

Ofisini mtendaji wa kijiji alifungua kabati, akatoa daftari. Romwaldi alisema atasoma mwenyewe. Alikuwa amemaliza darasa langu mwaka mmoja kabla. Aliweka kidole kwenye mstari na kusoma polepole, neno kwa neno.

"Wa-na-kijiji wali-ohudhuria, ishirini na watatu. Mkutano mkuu umekubali miti ya Namihu ivunwe. Wa-liokataa..."

Alifika kwenye majina. La nne lilikuwa Walburga. Alilisoma kimya, midomo tu ikicheza. Kisha akafunga daftari na kumrudishia mtendaji kwa mikono miwili.

"Hakuna aliyeuza bila sisi," alisema. "Sisi tulikuwa tunakunywa."

Bashiru hakumcheka. Alivuta benchi akakaa naye. "Mzee wangu, sikia. Kijiji kina vikao viwili. Kuna halmashauri ya kijiji, watu wachache mliowachagua. Hao wanapanga kazi na kutekeleza. Juu yao kuna mkutano mkuu wa kijiji. Huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, mume au mke, maskini au tajiri. Unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu. Mambo makubwa, kama ardhi na miti na maji, hayafai kuamuliwa bila mkutano huo."

"Na usipokwenda?"

"Usipokwenda, aliyekwenda anaamua kwa niaba yako. Karatasi ikishafika wilayani haisemi kwamba wengine walikuwa na ngokela. Inasema kijiji kimekubali."

"Siku zikigongana tufanyeje?" nikauliza.

"Mnasema mapema. Mwenyekiti ni mtu, anaambiwa, anasogeza siku. Na mkiona jambo limepita vibaya, mnaomba liletwe tena mkutano ujao. Mnaweza hata kutunga sheria ndogo ya kijiji. Mnaijadili, mnaipitisha, inapita kwenye kata, inakwenda halmashauri ya wilaya. Ikikubaliwa inarudi na nguvu ya kweli."

Romwaldi alikwenda kwa Mzee Selestine siku ile ile. Nyumba ile ilikuwa mwendo wa dakika tano. Nilikwenda naye.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Karibuni."

"Nimekuja kuomba mkutano. Nilipaswa kuja miaka miwili iliyopita."

Mzee Selestine aliangalia chini. "Keti, Romwaldi. Mimi naona aibu kukutazama tangu mama yako aondoke."

Mkutano ulifanyika mwezi wa nne. Mabalozi walipita nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla. Hakuna mtungi uliokokewa moto wiki ile. Watu walikuwa zaidi ya mia tatu, wengine wamekaa juu ya ukuta. Walijadili mpaka saa tisa. Waliokuwa wanalima pale Namihu walinung'unika, wakatafutiwa mashamba upande mwingine. Sheria ndogo ikapitishwa: hatua mia moja kutoka kwenye jicho la maji, hakuna kulima, kukata mti wala kuchunga. Pia tulikubaliana kwamba mwenye ngokela aitangazie ofisi kabla hajaotesha ulezi, ili siku zisigongane tena.

Halafu Benigna akasimama. Alikuwa hajawahi kuzungumza mkutanoni. "Mvua zikianza tutahitaji watu wa kupanda miche," alisema. "Mimi nitapika pombe. Ngokela ya shamba tunaweza. Kwa nini tusiwe na ngokela ya Namihu?"

Watu wakapiga makofi. Mwezi wa kumi na mbili tuling'oa ile mikaratusi, tukapanda miche mia nne ya mikuyu na mizambarau. Kazi kwanza, pombe baadaye. Bashiru alikunywa chai, akatusimamia kama askari. Sheria yetu ilikaa wilayani miezi saba, lakini ilirudi imepigwa muhuri.

Walburga hakuona miche hiyo. Romwaldi alimweleza habari zake kila alipokwenda Ruhuwiko. Alimwambia mkuyu huu umefika magotini, huu umefika kiunoni. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Namihu vipi?"

"Bado, Mama. Lakini itatoka."

"Basi nitangoja."

Alingoja mpaka mwezi wa nane mwaka 1996. Noela alituma ujumbe asubuhi, na jioni tulikuwa tumempandisha mlimani kwenda kumzika kwake, karibu na dimba lake. Ilikuwa kiangazi. Wanawake walibeba maji kutoka mtoni siku mbili, ya kupikia waombolezaji na ya kuoshea mikono. Romwaldi alichimba kaburi na wenzake, akakataa kupokewa jembe.

Miaka minne baadaye mvua zilikuwa nzuri. Mikuyu ilikuwa imefungana, majani yake yamefunika ardhi. Mwezi wa nane tulingoja maji yakauke, hayakukauka. Mwezi wa tisa hayakukauka. Mwezi wa kumi Benigna alirudi kutoka Namihu na ndoo imejaa, akaiweka chini, akakaa karibu yake akilia. Maji yalikuwa membamba, unene wa kidole gumba tu. Lakini yalitoka. Wanawake waliacha kwenda mtoni. Beata alikuwa ameshamaliza shule, lakini wadogo zake waliwahi darasani, chini ya yale mabati.

Mkutano mkuu wa mwezi ule ulijaa. Mtendaji alisoma taarifa ya chemchemi, watu wakashangilia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Romwaldi akanyoosha mkono.

"Nina neno moja, na naomba liandikwe," alisema. "Mwaka ule wa mivule, mama yangu alikuja shambani kwangu kuniita. Nilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Tungekuja wote, miti ingebaki, naye angefia nyumbani kwake. Nilimwambia akae anywe. Andikeni hivyo."

Mtendaji alishika kalamu, hakuandika. "Mzee Romwaldi, niandike chini ya ajenda ipi?"

"Ajenda sijui. Andika tu."

Mzee Selestine akasimama. "Andika na langu. Nilimwahidi kumngoja. Niliona mvua, nikahesabu mikono."

Nami nikasimama. Nikasema nilifika mkutanoni nikaondoka, na nilivyomjibu yule mama aliponiuliza. Nilipokaa, Benigna alisimama. Kisha balozi. Kisha mtu aliyekuwa nyuma kabisa karibu na mlango, akasema jina lake tu na kusema, "Nilikuwepo shambani." Akafuata mwingine, na mwingine.

Mtendaji aliandika majina yote, akageuza ukurasa, akaendelea. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima, na mbuzi walikuwa wanarudi wenyewe bila mchungaji. Siku hiyo hakuna aliyeondoka kabla mkutano haujafungwa.